Kifusi cha Dimorphos: maswali mnayoniuliza kila Jumamosi pale Rau

Jumamosi ambayo mlima haujajifunika, huwa tunatoa darubini uani kwangu hapa Rau, Moshi. Watu wanakuja kuangalia Mwezi na pete za Zohali, na wakishamaliza wanakaa kwenye mkeka na kuanza kuuliza habari za kile chombo cha Marekani kilichogonga jiwe angani. Wengi wanauliza lengo lilikuwa nini. Wachache, na hao ndio ninaowapenda, wanauliza kifusi kilikwenda wapi. Chai imenipolea mara nyingi mno nikijibu, kwa hiyo nimeamua kuandika. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, sifanyi kazi NASA, lile shirika la anga la Marekani, msije mkaniomba nafasi za ajira.

Mwalimu, kwanza kilichogongwa ni nini hasa?

Ni jiwe linaloitwa Dimorphos, upana wake mita 150 na ushee, yaani kiwanja cha mpira na nusu. Halikai peke yake. Linamzunguka kaka yake, Didymos, mwenye upana wa karibu mita 780, na kati yao kuna umbali wa kilomita 1.2 tu. Didymos kwa Kigiriki ni pacha. Yote mawili ni asteroidi, yaani masalia ya mawe yanayolizunguka Jua kama sisi tunavyolizunguka, na hayakuwa na mpango wa kutugonga, si kabla wala baada.

Chombo kiliitwa DART, na lengo lake lilikuwa kujaribu kama pigo linaweza kulisogeza jiwe la angani, ili siku moja likija la kutugonga tujue la kufanya. Kiliondoka duniani tarehe 24 Novemba 2021, kikagonga tarehe 27 Septemba 2022 saa 8:14 usiku kwa saa zetu. Kule Marekani ilikuwa bado tarehe 26, ndiyo maana mnaona tarehe mbili mkisoma. Kilikuwa na kilo kama 580, uzito wa dume la ng'ombe aliyeshiba, na kilikwenda kilomita 6.1 kwa sekunde. Kwa mwendo huo ungetoka Moshi ukafika Arusha ndani ya sekunde 13, bila kusimama Boma Ng'ombe kununua chochote.

Kifusi kilichotoka ni kiasi gani?

Makadirio ya mwanzo yalisema ni zaidi ya tani 1,000. Baadaye picha zilipochambuliwa vizuri, hesabu ikapanda hadi kama tani 16,000. Chukua tipa la tani 16 linalobeba moramu: ni safari 1,000. Na bado hiyo haifiki hata nusu ya asilimia moja ya jiwe lenyewe.

Mzee mmoja alinikatalia kabisa. "Ng'ombe mmoja atoe tipa elfu moja?" Shikamoo mzee, jibu lako liko kwenye mwendo. Nishati inapanda kwa mraba wa kasi. Kile chombo kilifika na nishati inayokaribia tani mbili na nusu za baruti ya TNT, ingawa hakikubeba hata punje ya baruti. Halafu kuna jambo la pili: Dimorphos si mwamba mmoja. Picha za mwisho kabla ya kugonga zilionyesha uso uliojaa mawe ya kila saizi, yamelundikana tu. Ni lundo. Mvutano wa kulishikilia lundo hilo ni mdogo kiasi kwamba ungesimama pale ukaruka kwa nguvu, usingerudi. Ukilipiga teke lundo la kokoto zinasambaa, lakini jabali ukilipiga teke utaumia wewe.

Kilitokaje? Kililipuka kama bomu?

Hapa ndipo huwa natoa sinia.

Natumia sinia pana la aluminiamu, mchanga mkavu wa mtoni uliochekechwa, na juu yake naweka tabaka jembamba la unga wa sembe ili macho yaone vizuri. Napanda kwenye kigoda, naachia golori. Wote wanangoja mchanga uruke juu kama chemchemi, na kila mara wanashangaa, maana hauruki hivyo. Unatoka kwa mshazari, pande zote kwa pamoja, ukitengeneza pazia lililo wazi katikati kama mdomo wa tarumbeta. Pazia linazidi kutanuka huku linaenda. Chembe zilizotoka mwanzo, karibu na golori, ndizo zenye mbio. Zilizotoka mwisho ni goigoi, zinaishia ukingoni mwa shimo na kufanya kituta.

Baada ya hapo nafukia kokoto tano sita ndani ya mchanga na kurudia. Safari hii pazia linachanika. Linatoka kwa michirizi, upande mmoja mwingi, upande mwingine haba, na usipoangalia punje moja inakupata jichoni. (Mtoto wa darasa la sita alishapigwa kwenye miwani. Tangu siku hiyo nawaambia wasimame hatua mbili nyuma, na ninyi mkijaribu nyumbani fanyeni hivyo hivyo.)

Kule Dimorphos ilikuwa sinia la pili. Kile kisetelaiti kidogo cha Italia, LICIACube, ambacho DART ilikuwa imekiachia siku 15 kabla, kilipita jirani kama dakika tatu baada ya mgongano na kupiga picha. Koni ipo, imekaa vizuri, lakini ndani yake imejaa michirizi na mafundo. Mawe yaliyokuwa juu ya uso yaliuharibu ule ulinganifu.

Hilo vumbi si lingefunika kila kitu, kama barabarani wakati wa kiangazi?

Lori likipita kwenye barabara ya vumbi, vumbi linabaki limening'inia dakika nzima. Ni hewa inayolishikilia. Ondoa hewa, na kila chembe inakuwa jiwe lililorushwa: inafuata njia yake, haisubiri mwenzake, wala hakuna hewa ya kuigeuza au kuipunguza mwendo. Hakuna wingu linalovimba, na hakuna sauti pia, kabla hamjauliza.

Kwa hiyo hatima ya kila chembe iliamuliwa ndani ya muda mfupi ilipotoka, kwa mambo mawili: mwendo wake na ukubwa wake. Iliyotoka na mwendo wa chini ya takriban sentimita 10 kwa sekunde, yaani polepole kuliko mtoto anayetambaa, ilirudi kuanguka pale pale. Iliyozidi kidogo ilinaswa ikizunguka katikati ya wale ndugu wawili, na nyingine zikaishia kumwangukia Didymos. Zilizokuwa na mbio kweli ziliaga moja kwa moja.

Darubini ya Hubble, ile inayoelea angani, ilifuatilia mambo haya kwa siku kadhaa. Kwanza ilionekana koni. Baadaye koni ikaanza kujisokota, kwa sababu mvutano wa Didymos ulikuwa unaivuta. Kisha ukatokea mkia.

Mkia? Ni nini kinachovuta vumbi liwe mkia?

Halivutwi, linasukumwa. Mwanga wa Jua una msukumo. Ni mdogo mno, kwenye ngozi yako huusikii, lakini kwa chembe iliyo nyembamba kama unga ambayo haina hewa ya kuizuia, unatosha kabisa.

Mama zangu wa hapa jirani walinielewa haraka kuliko wanafunzi wangu nilipowaambia kwamba Jua linapepeta. Ukipepeta mpunga kwenye ungo, pumba zinakwenda mbali na upepo, chenga zinaanguka karibu, mchele wenyewe unabaki. Mwanga wa Jua ulifanya kazi ile ile. Chembe ndogo zilisukumwa mbali haraka, za wastani zikafuata taratibu, na mawe hayakutikisika. Ndiyo maana mkia ulikaa umenyooka kuelekea upande usio na Jua. Siku mbili tu baada ya mgongano, darubini ya SOAR nchini Chile iliupiga picha ukiwa na urefu wa zaidi ya kilomita 10,000. Mwezi Oktoba Hubble ikaona mkia wa pili.

Kwa darubini za duniani, jambo la kwanza lilikuwa mwanga. Wale ndugu wawili waling'aa ghafla karibu mara 10 ya kawaida, kwa sababu vumbi jingi lina uso mwingi wa kuakisi Jua, na ilichukua zaidi ya wiki tatu mng'ao huo kurudi ulivyokuwa.

Sisi tungeweza kuona kwa macho?

Hapana. Hata kwa ule mng'ao, lilikuwa hafifu mno kwa macho, kilomita milioni 11 kutoka hapa. Lakini upande wetu wa dunia ndio uliokuwa unatazama. Kisiwa cha Réunion, kule Bahari ya Hindi, walinasa tukio, na mwangalizi mmoja wa kujitolea jijini Nairobi, mwenye darubini ndogo ya kisasa inayoweza kubebwa begani, alikuwa miongoni mwa watu wachache duniani walioona mwanga ukipanda wakati ule ule. Takwimu zake zikaingia kwenye utafiti.

Mimi? Nilikuwa uani nimejifunika blanketi. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye migomba. Nikafuata matangazo kwenye simu, na bando likakatika wakati lile jiwe limejaa kioo. Nairobi iko hapo tu. Sijalisahau hilo.

Tuseme ukweli: kusogeza jiwe, kazi ilifanywa na chombo au na kifusi?

Hili ndilo swali. Ningependa watu walianzie hapa.

Kabla ya kugongwa, Dimorphos ilimzunguka kaka yake kwa saa 11 na dakika 55. Baadaye ikawa saa 11 na dakika 22 au 23. Imepungua dakika 33 hivi, wakati NASA walishasema wangeridhika na sekunde 73. Kwa mwendo, jiwe lilibadilika kwa milimita 2.7 hivi kwa sekunde. Huo ni mwendo wa konokono, lakini ni konokono mwenye tani milioni nne.

Sasa piga hesabu ya darasani. Zidisha kilo za chombo kwa kasi yake, gawanya kwa kilo za jiwe. Unapata chini ya milimita moja kwa sekunde. Zile nyingine zimetoka wapi?

Nenda sehemu yoyote ya kuoshea magari ukamwangalie kijana aliyeshika mpira wa presha. Maji yanakwenda mbele, yeye anasukumwa nyuma, ndiyo maana anasimama amepanua miguu. Akiuachia, mpira unarukaruka chini kama nyoka. Kitu kikirushwa upande mmoja, kilichokirusha kinasogea upande mwingine. Kifusi cha Dimorphos kilirushwa kurudi upande DART ilikotokea, na kwa kurushwa kule kililisukuma jiwe mbele, juu ya msukumo wa chombo chenyewe.

Watafiti walipopima walikuta msukumo wote ni kama mara 3.6 ya ule wa chombo peke yake. Namba hiyo inategemea unakadiria jiwe lina uzito gani, inaweza kushuka hadi 2.2 au kupanda hadi 4.9, lakini hata ukichukua ile ya chini, kifusi kilifanya zaidi ya nusu ya kazi. Chombo kilikuwa kiberiti, kifusi ndicho kuni.

Na hapa ndipo penye shida inayonifanya nisikubaliane na wanaosema "tumeshajua jinsi ya kuzuia asteroidi". Uzito wa chombo unaujua, kasi unaijua. Kifusi hukijui mpaka upige. Jiwe gumu lingetoa kidogo. Jiwe lenye matundu kama sponji lingeweza kumeza pigo na kutoa kidogo zaidi. Ukirusha chombo kile kile kwenye jiwe jingine, dakika 33 hazina ahadi.

Vipi kuhusu mawe makubwa? Nayo yaliruka?

Yaliruka. Desemba 2022 Hubble ilihesabu mawe 37 yanayoondoka taratibu, makubwa yakiwa na upana wa karibu mita 7, kama chumba na sebule. Mwendo wao ulikuwa kama kilomita moja kwa saa. Kobe huyo. Huenda hata hayakuvunjwa na pigo, yalikuwa yamekaa juu ya uso na yakatikiswa tu yakaondoka.

LICIACube nayo, katika picha zake za dakika zile za mwanzo, iliwezesha kufuatiliwa kwa mawe 104, na hayo yalikuwa na haraka, mengine hadi mita 52 kwa sekunde. Kilichowashtua watafiti ni kwamba hayakusambaa sawasawa. Yalikaa kwa makundi, kundi moja likiwa kubwa kupita kiasi, na yalikwenda zaidi ubavuni kuliko nyuma. Maelezo yanayoelekea kuwa sahihi ni kwamba mabawa ya sola ya DART yalitangulia kuyagonga majabali mawili makubwa sekunde ndogo sana kabla mwili wa chombo haujafika, yakayapasua. Rudini kwenye sinia lenye kokoto, mtaliona lile lile. Na kama mawe yanasukuma ubavuni, basi hata jiwe linasukumwa ubavuni kidogo, jambo ambalo mtu anayepanga kukwepesha asteroidi kweli kweli hawezi kulipuuza.

Chombo chenyewe kiko wapi?

Kimekwisha. Kimevunjika, kimeyeyuka, sehemu imekuwa mvuke, na vipande vimechanganyika na kifusi.

Kifusi kitatufikia? Tutegemee vimondo?

Watafiti wamefuata kwa kompyuta njia za chembe takriban milioni tatu. Wamekuta kwamba zile zenye mbio zaidi zinaweza kufika Mirihi, na baadhi hata kwetu, ndani ya miaka 10 hadi 30 tangu mgongano. Zitakazofika kwetu zitakuwa punje. Zitaungua juu angani zikiacha mstari wa mwanga, kama vimondo vya kawaida mnavyoviona mkilala nje. Yale mawe makubwa mwendo wake haukuelekea huku. Yanaendelea kulizunguka Jua karibu na njia ya wale ndugu wawili.

Lakini kule Kenya si kilianguka chuma kutoka angani?

Ni kweli, ile pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na kilo kama 500 iliyoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024. Hiyo ni habari nyingine kabisa, msizichanganye. Ile ni takataka ya roketi iliyokuwa inaizunguka Dunia, na vitu vinavyoizunguka Dunia chini chini, hewa inavikokota mpaka vinashuka. Kifusi cha Dimorphos kinalizunguka Jua. Ukiniuliza kipi kinaninyima usingizi, ni cha roketi.

Kabla ya DART kuna aliyewahi kugonga jiwe la angani?

Mara mbili za kukumbukwa. Tarehe 4 Julai 2005, chombo cha NASA cha Deep Impact kilirusha mzigo wa kilo 370 kwenye kometi Tempel 1. Vumbi likatoka jingi mno, laini kama poda, hadi chombo mama kilichokuwa kinaangalia hakikuona shimo. Ilibidi kungoja mpaka Februari 2011 chombo kingine kipite pale ndipo shimo lionekane, la upana wa kama mita 150.

Ya pili ni ya Wajapani na naipenda zaidi. Aprili 2019, Hayabusa2 ilipiga asteroidi Ryugu kwa kipande cha shaba cha kilo mbili. Kwa kuogopa kifusi, chombo kiliacha kamera ndogo ikielea na chenyewe kikakimbia kujificha nyuma ya jiwe. Shaba ya kilo mbili ilichimba shimo la zaidi ya mita 14, kubwa kuliko wengi walivyotegemea, kwa sababu ule mchanga haukushikana kabisa.

Nimeokota jiwe jeusi lenye vitundu kule Himo. Ni kimondo?

Ni lava ya Kilimanjaro. Vitundu ni mapovu ya gesi. Mnaleta mawe haya kila mwezi na nina rundo lake nyuma ya banda la kuku. Mkitaka kuona kimondo cha kweli, kiko Mbozi mkoani Songwe, chuma cha tani 16, hakina tundu kama hizo na huwezi kukibeba kwenye bodaboda.

Nani atakwenda kuangalia kilichobaki?

Hera, chombo cha Ulaya. Kiliondoka tarehe 7 Oktoba 2024, kikapita Mirihi Machi 2025, na kinatarajiwa kufika mwishoni mwa 2026 kikiwa na visetelaiti viwili, Milani na Juventas. Kitapima uzito wa Dimorphos, na hapo ile namba ya 3.6 itanyooka. Kitaangalia pia kama kuna shimo. Mifano ya kompyuta inasema huenda hakuna shimo la kueleweka, bali jiwe zima limebadilika umbo, kama unavyobonyeza donge la unga.

Mimi nina langu la kuangalia. Sura ya nchi ya Dimorphos imepewa majina ya ngoma za dunia: Atabaque, Bodhran, Dhol. Mashimo yake madogo ya zamani nayo yana majina, na mojawapo linaitwa Msondo, ile ngoma ndefu ya kwetu. Lilionekana kwenye picha za mwisho za DART, kwenye uso ule ule uliogongwa. Nataka kujua kama lipo bado au limefukiwa.

Jumamosi hii mpo?

Tupo kuanzia saa 1 usiku, mawingu yakipenda. Njooni na mkeka. Sinia ninalo, unga leteni wenyewe, maana mke wangu ameshagundua sembe inaishia wapi.